Kopo la Kutemea

Bwana Afya wa kata yetu alianza kazi kwa pua. Aliingia kwenye kibanda cha mama lishe, akasimama mlangoni, akavuta hewa mara moja kwa nguvu, kisha akasema, "Mmh." Waliomfahamu walianza kufunika sufuria waliposikia mvuto ule. Wasiomfahamu walimkaribisha supu, wakajuta.

Jina lake sitalitaja, na hapa Mkolani wachache wangelitambua. Alikuwa Bwana Afya kwa wazee, kwa watoto, hata kwa mke wake alipokuwa bado anaye. Alivaa viatu vya mpira vyeupe masika na kiangazi. Mfukoni mwa shati aliweka kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kisafi asubuhi, cha kutisha jioni. Nyumba aliyopanga ilitazamana na mashine yangu ya kusaga, barabara ya vumbi ikiwa katikati, na kwa miaka mingi alikuwa akivuka mchana kuja kupumzika juu ya gunia la mtu. Ninayoandika niliyaona, au aliniambia mwenyewe. Nayaandika kwa sababu binti yangu wa mwisho, Kabula, aliwahi kufunga mdomo mbele ya chakula mpaka akapungukiwa damu, na aliyeufungua mdomo ule ni mtu huyu, kwa njia ambayo hadi leo ikinijia akilini wakati wa kula nasukuma sahani pembeni.

Alichukizwa na vitu ambavyo sisi tulikwisha kuvizoea. Mafuta ya chipsi meusi kama yaliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kisu kinachofutwa kwenye kanga kabla ya kukata nyanya. Beseni la kunawia ambalo mteja wa kwanza alikuta maji na wa mwisho akakuta mchuzi. Alivisimulia vitu hivi kwa utulivu, kimoja kimoja, huku mimi nikiwa na bakuli la uji mkononi, na alipomaliza nilikuwa nimeliweka chini.

"Unaniharibia chakula, Bwana Afya."

"Sijakiharibu. Nimekueleza kilivyoharibika."

Madereva waliotema mate barabarani aliwatoza faini bila kuwatazama usoni. Mke wake, walisema majirani, alirudi kwao kwa sababu ya ile "Mmh" aliyoitoa juu ya mchuzi wa kuku mbele ya wakwe. Sikuwahi kumuuliza. Alichoniambia ni kwamba kuku yule hakuwa ameiva kwenye paja.

Lakini mtu huyu mwenyewe alikula vibaya kuliko mwanafunzi wa bweni. Mchana alikuja na soda ya chungwa, baridi, na keki ya dukani iliyokauka kama sabuni. Soda ya pili aliinywa kabla hajaondoka. Jioni alinunua chipsi mayai, na alipenda kuzinunua kwa muuzaji aliyemkamata siku iliyotangulia.

"Huyu nimemtoza faini jana," alinieleza, "kwa hiyo mafuta ya leo ni mapya. Hakuna chakula salama kama cha mtu aliyetoka kulipa faini."

Mboga za majani sikumwona akizigusa. Matunda aliyakagua, akayasifu, akaniachia. Nilipomwambia kwamba soda nazo zina sukari nyingi, na kwamba nimesoma habari hizo, alitazama chupa kama mtu anayetajiwa aibu ya ndugu yake, akanywa.

Vita vyake vikubwa vilikuwa vya watoto, na mwanzoni alivipigana kwa kinyaa, kwa kuwa ndiyo silaha aliyokuwa nayo. Nje ya geti la shule ya msingi akina mama wanauza barafu za rangi, zimefungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni: nyekundu, kijani, na bluu moja ambayo sijaiona kwenye tunda lolote. Alinunua moja, akaipasua juu ya kitambaa chake mbele ya watoto wakati wa mapumziko. Rangi ikatambaa kwenye kitambaa kama wino.

"Hili ni tunda gani?"

"Zabibu!" walijibu kwa pamoja.

"Nani amewahi kula zabibu?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Basi mmelamba rangi ya ukuta. Toeni ndimi."

Wakatoa. Zilikuwa bluu, zote. "Ndimi za mijusi," alisema, na uso wake ulikunjamana kweli, hakuigiza. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kesho yake biashara ya barafu za bluu ilipanda. Kila mtoto alitaka ulimi wa mjusi. Muuzaji mmoja alimpigia makofi alipopita. "Bwana Afya, njoo na kesho utunadie hizi za kijani!"

Alikuja kwangu akakaa juu ya gunia. Halafu akasema, "Kinyaa cha mtu mzima ni mchezo kwa mtoto. Inabidi tutafute chake mwenyewe."

Nilikuwa nakijua tayari, ingawa sikuwa nimekiweka kwenye maneno. Mwenye mashine anazijua nyumba za watu, maana anaona nafaka kabla haijawa unga. Wazazi wa shule yetu huchangia mahindi ya chakula cha mchana cha watoto. Mama anakuja na magunia mawili juu ya mkokoteni. "Hili la nyumbani, lisafishe vizuri. Hili la shule, saga tu." Gunia la shule nililitambua kabla sijaambiwa. Punje zilikuwa na matundu. Ukiingiza mkono unautoa ukiwa mweupe kwa vumbi, na wadudu wadogo wekundu wanapanda kuelekea kwenye kiwiko. Yaliponyeshewa yalikuwa na ukungu wa kijani na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nilipoyasaga, hewa ya mashine ilibadilika, nikafunga leso puani.

"Mama, haya yana wadudu."

"Hayo ni ya shule."

Walinijibu hivyo kana kwamba hilo ni jibu. Walikuwa wazazi wema. Walitoa zaka kanisani, waliuguza wagonjwa wao, na watoto watakaokula unga ule walikuwa wao wenyewe. Lakini neno "shule" likishaandikwa kwenye gunia, gunia linakuwa la watu wasiojulikana, na watu wasiojulikana hula chochote.

Dagaa walikuwa vilevile. Hapa kwetu ziwani dagaa ni chakula cha kila nyumba, na mtoto anayewala hukua na damu yake. Lakini kamati ya shule ilinunua wale wanaoitwa dagaa wa kuku: waliokaangwa na jua juu ya mchanga, wakanyeshewa, wakafagiliwa kwa fagio pamoja na kila kilichokuwa chini, wakauzwa kwa bei ya chakula cha mifugo. Watoto walivimwaga vyakula hivyo kwenye shimo nyuma ya vyoo, wakabaki na njaa mpaka kengele ya kwenda nyumbani, wakanunua barafu. Walimu wakasema watoto wa siku hizi wanadeka. Wazazi wakakubali. Kwenye mashine yangu nilisikia hadithi hiyo hiyo kila siku: "Huyu wangu akiona dagaa anafunga mdomo kama kufuli. Anataka chipsi tu."

Siku moja nilipeleka unga shuleni nikamkuta Bwana Afya ameketi kwenye benchi la watoto, magoti juu, sahani ya bati mbele yake. Alitia tonge mdomoni. Nilisikia mlio ule kutoka nilipokuwa nimesimama, mlio wa jino na mchanga. Akatema kwenye kitambaa, akakikunjua kwa ncha za vidole, akampelekea mwalimu mkuu. Ndani yake kulikuwa na ugali wa kijivu, mchanga, na kitu kilichokuwa na miguu.

"Mwalimu, onja na wewe."

"Mimi leo nimefunga, Bwana Afya."

"Nilikuona asubuhi na chapati."

Mwalimu mkuu alitazama upande wa bendera. Bwana Afya akakunja kitambaa kwa uangalifu, akakirudisha mfukoni, mfuko ule ule wa shati.

"Mtoto hakatai chakula," aliniambia tukirudi. "Anakataa kilichomo."

Alikwenda mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapoteremsha dagaa, na nilimsindikiza kwa kuwa nilikuwa na shughuli upande huo. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya mchanga mpaka macho yanapochoka. Kuku walitembea juu yao. Mbuzi mmoja alikuwa amelala katikati yao kama kwake. Korongo wakubwa walisimama pembezoni, na walichokuwa wakikiacha nyuma yao kilianguka palepale. Mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa kwa fagio la uani.

"Fagio hilo linafagia wapi asubuhi?" Bwana Afya alimuuliza.

"Linafagia linapofagia. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu anayekula unachofagia."

"Basi shukuru nakufagilia vizuri." Wenzake wakaangua kicheko. "Samaki katoka majini, baba, mchanga ndiyo kitanda chake. Au unataka niwaanike juu ya kamba na vibanio, kama soksi za bwana harusi?"

"Ndiyo," alisema Bwana Afya. "Karibu na hapo."

Walicheka zaidi. Lakini mama yule yule, baada ya masika yaliyomwozeshea mzigo wote, alijenga kichanja cha miti na nyavu kuukuu, akaanza kuanika juu, mbali na miguu ya kuku. Dagaa wake walikauka wakiwa weupe, wanang'aa. Bwana Afya akailazimisha kamati inunue kwake. Na mimi nikaanza kuyakataa mahindi yenye matundu. Nilipoteza wateja, wakarudi.

Basi chakula kikawa safi, na watoto wakaendelea kukimwaga.

Hilo lilimshangaza kuliko yote. Alisimama mlangoni mwa mashine akitazama viatu vyake. Mtu mzima ukimwambia pameoshwa anaamini, au anajifanya kuamini. Mtoto aliyekwisha kuuma mchanga anaukumbuka kwa meno, na meno hayaelewi maelezo. Hapo ndipo alipoleta kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, tupu, limeondolewa karatasi. Aliliweka katikati ya benchi la watoto. Kanuni yake ilikuwa hii: kila mtoto atie dagaa mmoja mdomoni, amtafune, akishindwa, ateme kwenye kopo. Hapigwi. Hachekwi. Halazimishwi wa pili. Kesho kopo litakuwepo tena.

Ni lazima nieleze jambo hili lilivyokuwa kwa watu wetu. Mtoto anayetema chakula mbele ya wakubwa amefanya jambo baya karibu na tusi. Wapo waliokumbuka njaa, na kwao chakula kilichotemwa ni laana iliyotoka mdomoni. Zaidi ya hapo, kopo lenyewe lilikuwa la kutisha. Nilichungulia mara moja. Mate ya darasa zima, dagaa waliotafunwa nusu, vichwa vyenye macho, vyote vimelowa pamoja kwenye joto la saa saba. Nzi walikuwa wamefika kabla yangu. Yeye, mtu aliyefunga mgahawa kwa sababu ya kikombe chenye ufa, alilibeba kopo lile kwa mikono miwili kwenda kulimwaga, uso umekunjamana, pumzi ameishikilia.

Mkutano wa wazazi ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake. "Bwana Afya, kwetu sisi mtoto akitema chakula, anatemwa yeye."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu."

"Mzee, mtu hawezi kutema asichokitia mdomoni. Wiki iliyopita hawakuwa wanatia."

"Kwa hiyo tushukuru mate?"

"Tuanzie hapo."

Walilipiga kopo marufuku shuleni siku hiyo hiyo. Alilichukua, akalisuuza kwa maji ya moto, akalihifadhi kwake chini ya dirisha.

Kabula wakati huo alikuwa darasa la kwanza. Nyumbani alikula maandazi, chipsi akipata, na barafu kwa vijisenti vya bibi yake. Mengine yote aliyafungia mdomo. Midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni. Kucha zilikuwa nyeupe. Asubuhi moja alianguka mstarini shuleni, na zahanati wakatuambia damu yake ni kidogo mno, kwamba vidonge peke yake havitatosha, na kwamba asipokula mboga, maharage na dagaa tutarudi pale tumembeba. Mke wangu alilia njia nzima. Mama yangu alikuja kutoka Misungwi na dawa anayoijua.

Dawa hiyo kila mtu wa umri wangu anaijua. Bibi anamlaza mtoto mapajani, anambana mikono, anakunja kiganja kama kikombe kidevuni, anamimina uji uliochanganywa na kila kitu, na kuziba pua. Mtoto lazima ameze ili apumue. Tulikuzwa hivyo. Jioni ile Kabula alikuwa amebanwa hivyo uani, uji wa mchicha na dagaa ukimtoka puani, kanga ya mama imelowa kijani, na mimi nimesimama na taa ya simu, wakati Bwana Afya alipotokea kwenye kona ya ukuta. Alivuta hewa mara moja.

"Mmh."

Mama hakumwachia mtoto. "Karibu, baba."

"Shikamoo, mama. Unamfanya nini?"

"Namrisha. Si unaona? Hawa tusipowakaba hawari." Mama anachanganya r na l mpaka leo.

"Anakunywa au anazama?"

Kabula akatapika. Vyote vilivyoingia vilitoka, juu ya kanga, juu ya mkono wa mama, vingine kwenye kiatu cheupe. Bwana Afya alikitazama kiatu kwa muda. Nilidhani ataondoka. Akaondoka kweli, akavuka barabara, akarudi na kopo.

Alimwomba mke wangu dagaa wa mwaloni, wale wa kichanja. Akaketi naye jikoni wakiwachambua vichwa na matumbo, wakawaosha maji ya moto, wakawakaanga bila mafuta mengi mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, kisha chumvi na ndimu. Akaja nao uani kwenye sahani. Akakaa kwenye mkeka kando ya Kabula, wote wawili wakiangalia ukuta. Kopo katikati. Alichukua dagaa mmoja akala. Akachukua wa pili. Macho yake yalikuwa na machozi.

Kabula alichukua mmoja, akamtia mdomoni kama anayetia mkono kwenye shimo la nyoka, akamtafuna mara moja, akamtemea kwenye kopo.

"Ametema!" Mama alipiga paja. "Chakula! Ng'wana wane, mwanangu, ametema chakula mbere ya baba yake!"

"Ametema," Bwana Afya alikubali. "Maana yake kiliingia."

Alikuja kila jioni. Kopo lilipata vitu vyake, nami nilikula ndani, nikiwa nimewapa mgongo. Siku moja Kabula alikuja mashineni, akasimama kando ya mzani.

"Baba, Bwana Afya hapendi dagaa."

"Nani kasema?"

"Anameza bila kutafuna. Halafu anashika shingo hivi."

Nilimuuliza mwenyewe mchana ule, naye akacheka kwa pua. Ndiyo, hakuwahi kuwapenda. Alipokuwa mdogo alivunja jino kwa jiwe lililokuwa kwenye dagaa, akapigwa kwa kutema. Kuanzia hapo harufu yao peke yake ilimpandisha nyongo. Hayo ndiyo yote aliyowahi kuniambia juu ya utoto wake.

"Sasa kwa nini usijifanye tu? Mtoto hajui."

"Mtoto anajua kila kitu kinachopita kooni mwa mtu."

Kabula alianza kula jioni iliyofuata. Alikula wanne, akasukuma kopo mbali. Nilitaka kujua mtu huyu alimfundisha nini, nikamuuliza mtoto. Akanijibu bila kufikiri sana: sahani ilikuwa imejaa, na Bwana Afya alikuwa anateseka, kwa hiyo alimsaidia kuimaliza. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu malezi na lishe. Katika vyote sikukuta mahali panapoeleza hilo.

Baada ya dagaa ukaja mchicha, kisha maharage, kisha ugali wa dona niliousaga mwenyewe. Pembe za midomo zilipona. Kucha zikarudi rangi. Mama aliporudi Misungwi aliondoka na lile kopo, akalifanya kipimo chake cha karanga sokoni, jambo ambalo sijapata ujasiri wa kulijadili naye.

Bwana Afya alistaafu, akahamia Sengerema kwa dada yake mkubwa. Tulipoteana kama watu wanavyopoteana, kwa simu zilizopungua. Mwaka huu dada yake ndiye aliyenipigia. Sukari ilikuwa imempanda kwa miaka bila yeye kuipima, kidonda kikaoza, wakamkata mguu chini ya goti. Sasa amerudi nyumbani na amegoma kula. Sindano ya sukari anachomwa kila siku, na akichomwa bila kula anazimia. Daktari amesema wazi: hivi hivi, hatafika mbali.

Kabula yuko kidato cha nne, likizoni. Aliposikia hakuuliza kama anaruhusiwa. Alikaanga dagaa asubuhi, akawafunga kwenye bakuli, tukavuka kwa kivuko.

Harufu ilitupokea mlangoni: kidonda, dawa ya kusafishia, uji uliochacha. Nilitamani kurudi nje. Chini ya kitanda kulikuwa na kiatu kimoja cheupe cha mpira. Juu ya kitanda Bwana Afya alikuwa ameegemezwa ukutani, amekonda, na dada yake, mama mwenye mikono ya kulima, alikuwa amemkaba. Mkono mmoja kisogoni, mwingine umekunjwa kiganja kidevuni, uji ukimtiririka shingoni mpaka kwenye fulana. Alikuwa amefunga midomo kama mtoto.

"Fungua! Unataka kunifia hapa? Fungua!"

"Shikamoo, shangazi," Kabula alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmemwona ndugu yenu? Soda anaitaka. Chakula hataki."

Bwana Afya alitugeuzia macho. Alimtambua Kabula polepole. Akavuta hewa kwa pua, mara moja, kama zamani.

"Mmh," alisema. "Umeleta nini?"

"Adui yako."

"Toa hapa."

Kabula alimwomba shangazi kopo tupu. Akapewa la rangi ya ukuta; akalikataa. Akapewa la majani ya chai, akalipangusa kwa upindo wa sketi yake, akaliweka kitandani kando ya paja la Bwana Afya. Mgonjwa aliliangalia. Dada yake hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Kabula akakaa pembeni ya kitanda, akamgeuzia bega, wote wawili wakawa wanaangalia dirisha. Akafungua bakuli. Akala dagaa mmoja, bila haraka; nilisikia akivunjika. Akala wa pili.

Mkono wa Bwana Afya ulitoka chini ya shuka. Ulichukua dagaa mmoja, ukampeleka mdomoni, akatafuna. Kutafuna kweli. Nilitazama koo lake. Halikumeza. Akainama juu ya kopo akatema, mate marefu yakabaki yananing'inia kidevuni, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuza uso.

"Si mnaona!" Dada yake alipiga makofi. "Si nilisema? Anatema! Mtu mzima, mzee wa watu, anatema chakula mbele ya mgeni, mbele ya binti wa watu..."

Kabula alisogeza kopo karibu zaidi, akaendelea kula. Shangazi alikuwa bado anasema, na mkono ule ulikuwa umekwisha kurudi kwenye bakuli.